Muvi za kwa Mgosi, Ngamiani: mchukue yule dada wa Kijapani, ila iliyotafsiriwa ikatae

Duka lenyewe halina jina. Ukutani pameandikwa kwa rangi ya bluu MUVI, VOCHA, CHAJI, basi. Ngamiani, hapa Tanga, tunaliita kwa Mgosi, na mwenyewe keshazoea. Liko Barabara ya 14: mlango mmoja, kaunta ya mbao, kompyuta mbili, na feni inayopiga kelele kushinda spika. Nimeamua kuliandikia kwa sababu wateja wangu wa Chumbageni na Raskazone hawaishi kuniuliza muvi zangu nazitoa wapi, na mtu mchapakazi hafichwi.

Mimi ni fundi cherehani. Msimu wa harusi ukiingia nakesha. Nachomeka flashi kwenye TV, naweka sauti, mguu kwenye pedali, kazi inakwenda. Macho yako kwenye kitambaa, yananyanyuka pale tu panaponistahili. Kwa hiyo muvi za maneno mengi ndizo zinazonifaa, kwa kuwa nazisikiliza. Huyu dada wa Kijapani ninayetaka kumsema, Tao Okamoto wa kwenye muvi ya The Wolverine, alinisimamisha cherehani, maana ukimsikiliza tu huambulii kitu. Lazima umtazame.

Nianze na bei, najua ndiyo mnayoitaka. Muvi moja 500. Sizoni nzima 2,000, ikiwa na vipande vingi 3,000. Iliyotafsiriwa anaongeza mia mbili, eti DJ anayesimulia kwa Kiswahili juu ya muvi naye ana haki yake. Mimi hapo huwa namwangalia tu, maana sijaona hiyo mia mbili inamfikia DJ gani. Habari ya hakimiliki tusiifungue hapa, tutafunga duka. Flashi anauza pia, ila flashi nunueni kwingine. Zake bei imechangamka mno.

Kinacholitofautisha duka hili na mengine ya mjini ni mpangilio. Kwingine utakuta mafaili yamerundikwa kwa mwaka au kwa herufi, na kijana wa kaunta anakuuliza "ya kupigana au ya mapenzi?" kama vile dunia ina muvi za aina mbili tu. Mgosi anapanga kwa watu. Ukifungua kompyuta yake unakutana na jina la mwigizaji, ndani yake kila alichocheza, kuanzia cha zamani kuja cha juzi. Yapo na mafolda ya utani: WAKOREA WA KULIZA, WAHINDI WA KUPAA, MAJUTO TU. Ukimwambia unataka muvi nzuri anakukodolea macho. Ukimwambia unamfuata mtu fulani, anavuta kiti.

Basi nikamwendea.

"Mgosi, yule dada wa kwenye The Wolverine, mjukuu wa yule mzee tajiri, kacheza nini kingine?"

"Mariko?"

"Huyohuyo."

"Lete flashi, fundi. Huyo kafanya makubwa, mpaka tuzo kabeba."

Nyumbani nachomeka, naona Shōgun, vipande kumi, ya 2024. Mariko yumo kweli. Hiroyuki Sanada naye yumo, yule aliyekuwa baba yake Mariko kwenye The Wolverine. Lakini Mariko wa Shōgun ni Anna Sawai, mtu mwingine kabisa, aliyetokea kwenye kundi la wasichana waimbaji, wala si kwenye mitindo kama huyu wangu. Tuzo ya Emmy, ile kubwa ya TV kule Marekani, kaichukua kweli, yeye na Sanada wote wawili mwaka uleule. Kwa hiyo Mgosi hakunidanganya, alichanganya Mariko na Mariko. Vipande vyote kumi nilivitazama, tena kwa raha, mpaka gauni la bi harusi mmoja likachelewa kutiwa bitana (bibi harusi kama unasoma hapa, ndiyo sababu). Hata hivyo pesa yangu nilikuwa nimeitoa kwa kitu kingine, nikarudi kudai.

Na hapa ndipo ninapompa alama zake. Hakubisha. Alisema, "Samahani dada, hapo nimekupa jina badala ya mtu," akafungua The Wolverine, akaipeleka mpaka kwenye majina ya mwisho, akasoma moja moja kwa kidole kwenye kioo mpaka akalipata. Kisha akakaa karibu nusu saa akikusanya, wateja wengine wamesimama. Hakunitoza hata senti. Nawajua wafanyabiashara wa mji huu wangapi wangefanya hivyo? Tusitajane.

Jina ni Tao Okamoto. Kwenye baadhi ya kazi ameandikwa Tao peke yake. Kazaliwa Chiba, jirani na Tokyo, mwaka 1985. Kaanza uanamitindo kwao akiwa na miaka 14, na 2006 akahamia Paris kuyatafuta majukwaa makubwa. Kilichomtoa ni kichwa chake: alikata nywele fupi za mviringo kama bakuli, zikamkaa vizuri hata mbunifu Phillip Lim akawavalisha wanamitindo wa onyesho lake wigi za mkato ule. Hebu fikiria wewe umetoka saluni ya Barabara ya 12, kesho yake foleni nzima ya wasichana imevaa nywele zako. Baadaye akawa sura ya matangazo ya kampuni ya nguo ya Ralph Lauren. Mpaka hapo hajacheza filamu hata moja. Ya kwanza kabisa maishani mwake ndiyo hiyo The Wolverine ya 2013, ameelekezwa na James Mangold, amesimama na Hugh Jackman uso kwa uso. Wenzake huanza na kuuza maua kwenye tamthilia, yeye kaanza na mtu mwenye kucha za chuma.

Najua mtakachosema. Anauza sura. Hata sisi tuliyasema hayo hayo. Wema Sepetu alipotoka Miss Tanzania 2006 akaingia kwenye filamu, vijiwe vyote vilikuwa na neno. Jokate Mwegelo alikuwa jukwaa hilohilo la 2006, akaigiza, akaimba, akatangaza, na akaja kuwa mkuu wa wilaya ya Korogwe, hapahapa mkoani kwetu. Neno la vijiweni ni kwamba mrembo hawezi kuigiza kwa kuwa amezoea kutazamwa. Mimi nasema inategemea anayemwelekeza anajua kumtumia au la, na muvi nilizochukua kwa Mgosi zinaonyesha yote mawili.

Niiseme The Wolverine kwa kituo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Hadithi kwa ufupi. Nagasaki, 1945, siku ya bomu, Logan (ndiye huyo Jackman mwenye kucha) anamwokoa askari wa Kijapani. Miaka inapita, yule askari amekuwa tajiri wa kupindukia, yuko kitandani anakufa, anatuma Logan aletwe Tokyo wakaagane. Mariko ni mjukuu wake. Mzee anatangazwa kufa, msiba unafanyika, majambazi wa Yakuza wanavamia katikati ya mazishi wamteke Mariko, Logan anakimbia naye. Wanapanda treni ya mwendokasi kuelekea Nagasaki (wa Dodoma na Morogoro mtaielewa, sisi wa Tanga bado tunasimuliwa), na juu ya paa la ile treni kuna pigano ambalo mwanangu alilirudia mpaka nikamnyang'anya rimoti.

Sasa mimi fundi niliona nini. Kwenye msiba Mariko amevaa kimono. Kimono si nguo ya kukusaidia. Haina mkato wa kiuno, haina mkato wa kwapa, haina kitu cha kukubana wala kukunyanyua. Ni jora moja jembamba, upana kama sentimita 36 hivi, urefu kama mita 12, linakatwa vipande vilivyonyooka na kushonwa mistari mitupu. Fundi kazi yake inaishia hapo. Umbo linatengenezwa na mvaaji, kwa kukunja na kufunga mkanda. Na ufungaji una masharti: upande wa kushoto unalala juu ya kulia, kwa sababu kulia juu ya kushoto ni mavazi ya maiti. Ukiikosea nguo hiyo inakuumbua palepale, kifua kinapwaya na pindo linapinda. Nimeshona magauni ya kutosha kujua kwamba nguo isiyokatwa kufuata mwili inamtaka mvaaji atulie ndani yake. Wengi hawawezi. Wanashikashika kola, wanavuta mkono, wanajipangusa pajani.

Tao hagusi kitu. Amesimama msibani na mabega yake hayapandi. Unaona shingo, unaona mikono ilivyotulia, na uso hauombi huruma kwa mtu. Baba yake ni mkali, mchumba aliyepangiwa ni waziri asiye na maana, babu ndiyo huyo anaagwa. Mwigizaji mwingine hapo angetokwa machozi mpaka kamasi. Yeye kakaa kimya, na mimi fundi wa watu nikajikuta nimeachia pedali. Huo ni ujuzi wa jukwaani uliohamishwa, kwa kuwa pale jukwaani huna sentensi hata moja, una mwendo na kituo. Mangold kaliona hilo, akampa nafasi ya kunyamaza.

Halafu kuna chakula. Wamefika nyumba ya familia Nagasaki, kando ya bahari, kimya, kumetulia. Logan ana bakuli lake, anachomeka vile vijiti vya kulia vikasimama wima ndani ya wali. Mariko anamrekebisha: hivyo hapana, ni mkosi, vinafanana na udi wa msibani. Kwao maiti ndiye anayewekewa bakuli la wali lenye vijiti vilivyosimama. Hakuna ukali wala somo refu. Ni namna dada wa watu anavyomrekebisha mgeni bila kumvunjia heshima, ukaona malezi yake yote mle. Mimi nilivyolelewa Mabawa na bibi aliyekuwa akikukata jicho ukipokea kitu kwa mkono wa kushoto, tukio lile nililielewa kuliko mapigano yote.

Sasa njooni muone kilichofanywa kwenye ile iliyotafsiriwa.

Mgosi alikuwa ameniwekea zote mbili, ya asili na ya DJ, nilinganishe. DJ simtaji, tena sauti anayo nzuri. Pale kwenye wali, Mariko amefungua mdomo kwa maneno machache, DJ kamwaga dakika nzima: "Mume wangu, kula ushibe, kesho tunakwenda kwa mshenga, baba yangu mkorofi ukienda na njaa utaanguka." Nilicheka, siwafichi. Lakini vijiti vimepita, udi umepita, msiba umepita. Na kwenye mazishi ndiyo balaa. Pale anaponyamaza Tao, DJ anaona ni nafasi tupu, anaijaza. Anatusimulia mchumba ana gari gani. Anawasalimia wana Makorora. Kitu pekee alichokuja nacho yule dada kutoka kwenye mitindo, kule kutulia kwake, kimefunikwa na salamu.

Mimi si adui wa tafsiri. Nimekua na tafsiri, tangu enzi za yule mtafsiri wa muvi Lufufu, na mpaka leo muvi ya Kichina ya mateke siichukui bila DJ. Na sisi watu wa Tanga tumelelewa na mchekeshaji King Majuto, Mungu amrehemu. Mzee yule kinywa chake kilikuwa kazi nzima. Ukimwondolea sauti umemwondoa mwenyewe, ingawa na ule mwendo wake nao ulikuwa unachekesha peke yake. Tumezoea mtu aseme. Ndiyo maana wengi wakimwona Tao mara ya kwanza wanasema hachezi, amekaa tu. Mwanangu alisema hivyohivyo. Nikamwambia zima sauti utazame tena ile sehemu ya msibani, akazima, akatazama, akaniuliza kwani yule baba yake anamchukia? Hilo hakuambiwa na DJ.

Kuna mwingine mle ndani ya The Wolverine, Rila Fukushima, anacheza Yukio, mwenye nywele nyekundu na upanga. Naye alitokea kwenye uanamitindo, na naye muvi hiyo ndiyo iliyomtambulisha kwa watu wengi. Wawili kutoka soko moja na hawafanani hata kidogo. Rila anatumia mwili wote, anachomoka, anapinda, anatabasamu upande. Huyo, DJ hamdhuru; DJ hata akisema nini, mwili wa Rila unampita. Baadaye utamkuta kwenye tamthilia ya Arrow akiwa Katana, Mgosi anayo, sizoni ya tatu. Mwishoni mwa The Wolverine kuna anachokifanya Mariko kwa mikono yake miwili, siwasemei, lakini baada ya masaa mawili ya utulivu kinapiga kweli.

Zile nyingine nizipitie.

Batman v Superman, ya 2016. Tao ni Mercy Graves, msaidizi wa tajiri Lex Luthor. Nguo zimekatwa vizuri mno, mabega safi, mikono inaishia palepale inapotakiwa kuishia, nilisimamisha picha mara kadhaa kuangalia mishono. Na ndiyo hayo tu. Anasimama nyuma ya bosi, anafungua mlango, anaondolewa kwenye hadithi kabla hujamzoea. Hapo wamemtumia kama hanga. Muvi yenyewe ndefu, giza muda wote, na nakala ya Mgosi ilikuwa na giza la ziada. Msitoe 500 yenu kwa ajili yake. Kama mnampenda Batman hayo ni yenu.

Hannibal, sizoni ya tatu, 2015. Hii sasa msiangalie na watoto, na msiangalie mnapokula, maana mhusika mkuu anapika watu. Tao ni Chiyoh, anaishi peke yake kwenye jumba la zamani Lithuania, ana bunduki ya kuwindia, analinda mfungwa mwaka nenda mwaka rudi. Kimya kilekile cha Mariko, ila hiki kimeoza. Yule wa kwanza alinyamaza kwa adabu, huyu ananyamaza kwa sababu ameshasahau kuongea na watu. Mwelekezaji kamvalisha makoti mazito, vitambaa vizito vya baridi, na unaona anavyoyabeba, polepole, kama nguo imekuwa na mtu huyo miaka mingi. Kuna kipande wako kwenye treni na Will, anayemsaka huyo mpika watu, wanazungumza kwa upole kabisa, na anachomfanyia baadaye kilinifanya nijichome sindano. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote nilizoziona. Mgosi hana iliyotafsiriwa, na nashukuru.

Westworld, sizoni ya pili, 2018, anatokea kidogo akiwa Hanaryo. Sanada yumo tena humo, na Rinko Kikuchi pia, yule aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa Babel ya 2006. Sehemu kubwa ya kipande chao wanazungumza Kijapani. Ila msianzie sizoni ya pili, hamtaelewa kitu.

Kwa hiyo nikirudi kwa Mgosi na duka lake, lawama yangu kubwa ni maandishi ya chini. Haweki mpaka umwambie. Hiyo Westworld nilipewa bila maandishi, watu wanazungumza Kijapani dakika nzima na mimi natazama midomo. Nilipomrudia alisema wateja wengi hawayataki, yanawasumbua. Sawa, lakini uliza, Mgosi. Kuuliza bure. Hata Shōgun sehemu kubwa ni Kijapani, na hiyo aliniwekea yenye maandishi. Kwa hiyo anajua, anasahau tu.

Lawama ya pili, nakala zinakatwa mwisho. Ili zikae nyingi kwenye flashi anaondoa yale majina ya mwishoni, anaita "mkia". Huo mkia ndio aliousoma yeye mwenyewe kunitafutia jina la Tao. Nikamwambia, ungekuwa umeukata ungenitafutia wapi? Alicheka, akasema atafikiria. Muvi za zamani bado zina mikia, mpya anakata.

Sifa, mbali na ile ya kumfuata mtu: hana virusi, au niseme flashi yangu haijawahi kurudi na ugonjwa. Nakala ya kamera, zile zilizorekodiwa ndani ya ukumbi na vichwa vya watu vinapita, anakuambia kabla hujalipa. Umeme ukikatika ana betri, shughuli inaendelea. Na mtoto akija na sare ya shule kuomba vitu vya wakubwa hapewi, nimeona kwa macho yangu kijana wa kidato anarudishiwa pesa yake na kuulizwa baba yake ni nani. Mwanamke ukienda peke yako hupigiwi miluzi pale kibarazani. Wapo vijana wanaocheza drafti, lakini Mgosi ana ulimi mkali kwao.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ipo kwenye maandishi ya chini, akiyaweka nampelekea.

Ukienda kumtafuta Tao sema hivi, usiseme Mariko: "Nataka folda la Tao, za asili, zenye maandishi, na mkia usikate." Keshalitengeneza, nililiona kwenye kioo, liko baina ya Stallone na Van Damme. Chukua The Wolverine na Hannibal sizoni ya tatu, jumla 2,500 kama hajapandisha. Hannibal ukiwa hujaona ya kwanza na ya pili itabidi uongeze, ndivyo anavyopata chai yake. Nenda asubuhi, saa kumi na moja wanafunzi wanajaa kibarazani na yeye hana muda wa kutafuta kitu. Ijumaa anafunga saa sita, anafungua saa nane baada ya swala, na siku Coastal Union wanapocheza Mkwakwani usijisumbue kabisa, hayupo.